Afande Aliyesema Hajui

Machimbo ya Mwamagembe,
Ushirombo, Bukombe.
14 Julai 2024

Mpendwa Kaka Abdulshakur,

Assalaam alaykum, na shikamoo yako. Natumaini barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, na ule mguu umeacha kukutesa. Wifi Zuhra anaendeleaje na kifua chake? Mwambie asiache kunywa ile dawa ya tangawizi niliyomwelekeza, hata kama anasema inawasha.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Vumbi la kiangazi limeshaanza, ukianika nguo nyeupe asubuhi unaanua za kahawia. Mahindi tumevuna ya kutosha. Mgahawa wangu unakwenda vizuri, ila kuni zimekuwa adimu.

Kaka, najua umeshasikia. Ulipopiga simu ulisema, "Zuwena, mtoto kaiba nini?" na mtandao ukakata palepale. Jambo hili halisemeki kwa simu ya kukatikakatika, ndiyo maana nimekaa chini kuandika, na barua anakuletea Kudra, yule binti wa jirani yangu anayemfuata mumewe huko. Kwanza nikuondoe wasiwasi. Mpwa wako Sabiti yuko hai, yuko huru, na hakuiba kitu. Sasa keti unywe chai yako nikusimulie.

Ile televisheni uliyotuletea nimeiweka mgahawani. Jioni wachimbaji wanajaa kutazama tamthilia moja ya polisi, ya nchi za mbali, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mpelelezi wake sisi tumempa jina la Kamanda Koti, maana jua liwake, mvua inyeshe, koti la ngozi halimtoki mwilini. Basi huyo bwana! Akifika palipouawa mtu anakanyaga damu kwa viatu vyake. Akikuta unga asioujua anachovya kidole, analamba, halafu anakutajia nchi ulikotoka. Mlango kwake haugongwi, unapigwa teke, hata ukiwa wazi. Bastola yake haiishiwi risasi, haandiki neno, hali, halali. Mtuhumiwa akinyamaza anachapwa makofi mawili, muziki unalia, na kabla ya matangazo ameshakiri yote. Hapo mgahawa mzima unashangilia, na mimi nashangilia nao, jagi la maji mkononi.

Tulikuwa tunacheka, kaka, lakini tulikuwa tunaamini.

Umeondoka huku siku nyingi, ila mwano huwezi kuwa umeusahau. Filimbi ya sungusungu ikilia na yowe likapokelewa nyumba hadi nyumba, kila mwanamume anaacha alilonalo anakimbia. Asiyetokea anatozwa faini, na tangu hapo anatazamwa kwa jicho jingine. Basi mwezi uliopita, watu ndiyo kwanza wametoka kwenye swala ya alfajiri, mwano ukapigwa kutoka karasha la Maganga, pale tunaposagia mawe ya dhahabu. Mota ya karasha haipo, imefunguliwa, zimebaki nati tu. Wanaume wote wakakimbia. Wakahesabiana macho kwa macho, na Sabiti hayumo.

Jua lilipopanda akatokea peke yake kwa njia ya machimboni, udongo kichwani mpaka miguuni, viganja vimechubuka. Wakamzingira mbele ya mgahawa wangu.

"Mwano umelia, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chini, duarani."

"Nani amekupandisha?"

"Nimepanda mwenyewe, kwa magogo."

Wakacheka kicheko kibaya. Duara lile ni shimo refu la kuchimbia dhahabu, na hakuna mtu anayepanda kwa kushika magogo ya ukutani wakati kuna winchi na mtu wa kuizungusha. Mtu wa winchi ni Fredy, rafiki yake wanaokula sahani moja. Fredy alikuwa palepale katika umati. Sabiti akamtazama, Fredy akatazama chini. Mwanangu akafunga mdomo, na hakuufungua tena.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Mnaona? Amenyamaza!" akapaza sauti mmoja. Mwingine akamshika kidevu, eti ampime macho, kama anavyofanya Kamanda Koti. Akatangaza kwamba macho yanakiri. Watu wazima, kaka, watu ninaowapimia wali kila siku! Nikaona tairi linaviringishwa kutoka kwa fundi baiskeli. Nikaona na kidumu cha petroli. Nilianguka chini nikamkumbatia mwanangu miguu. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuijua, hata siku baba yake alipofukiwa na kifusi sikuwa nayo, maana siku ile nilikuta yamekwisha.

Ndipo ikaja bodaboda, na juu yake mama mmoja mfupi mwenye sare ya polisi, kofia ya pikipiki bado iko kichwani. Anaitwa Koplo Bhoke, mtu wa Tarime. Hakukimbia. Hakutoa bastola, na sidhani kama alikuwa nayo. Alipita katikati ya watu akisema, "Samahani, nipishe. Samahani, mzee, nipishe," mpaka akafika tulipo, akasimama ubavuni kwa mwanangu kama mtu aliyekuja kupanga foleni.

Maganga akamwambia, "Afande, mwizi ndiye huyu. Mpe makofi mawili tu, ataionyesha mota."

"Nani amemwona akiichukua?"

Wakaanza kutazamana.

"Kama siyo huyu, basi ni nani?" sauti ikatoka nyuma.

"Sijui," akasema.

Umati ukavuma. Polisi gani hajui! Mmoja akamwuliza kazi yake ni nini kama hajui.

"Sijui," akarudia, kwa sauti ileile. "Na ninyi hamjui. Ila mimi nimesema."

Kaka, hebu fikiri. Umati ule ulikuwa na petroli, yeye ana neno moja, tena neno ambalo hata mtoto wa shule huona aibu kulisema. Angeweza kudanganya ili wamheshimu. Angeweza kumpiga mwanangu ili wamshangilie. Alisimama na sijui yake mpaka mwenye kidumu akakiweka chini mwenyewe. Nilijikuta nasema subhanallah kwa sauti.

Akampakia Sabiti mshikaki kwenye ileile bodaboda, katikati yake na dereva. Nikalia nikimwuliza kwa nini anamchukua ilhali amesema hajui. Akanijibu kwamba akimwacha hapo, atarudi kuchukua maiti.

Siku zilizofuata alikuja tena na tena. Mwanzoni watu walijaa kumtazama, wakisubiri alambe kitu. Hakulamba chochote isipokuwa sukari ya chai yangu. Alikaa kwenye kona ya mgahawa, akaita wanaume mmojammoja, na kila mmoja alimwuliza swali lilelile: mwano ulipolia, ulikuwa unafanya nini? Huyu alikuwa anatia udhu, yule alikuwa anakoka moto, mwingine alikuwa bado kitandani na hakutaka mkewe asikie ni kitanda cha nani. Yote aliyaandika kwa mkono, taratibu, akamsomea mwenyewe, akamtaka atie sahihi. Watu wakachoka, wakatawanyika. Mimi nilikuwa nasukuma chapati hatua chache kutoka hapo, na nakiri hata mimi nilianza kupiga miayo.

Ikafika zamu ya Fredy.

"Nilikuwa kwenye winchi," akasema.

"Chini alikuwa nani?"

Hakupandisha sauti, hakugonga meza. Aliuliza kama anavyoniuliza mimi kama maandazi yapo. Fredy akalia kama mtoto. Koplo Bhoke akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai. "Sema polepole," akamwambia, "naandika."

Ndipo nikaelewa. Huku tuna sheria mbili ambazo hakuna aliyetufundisha shuleni. Mwano ukilia, kimbia. Ukiwa na mtu duarani, usiiache kamba. Asubuhi ile zote mbili zilimfikia Fredy kwa mpigo, na miguu ikaamua kabla ya kichwa. Alikimbia kwenye mwano akamwacha mwenzake shimoni, chini kule ambako filimbi haisikiki. Kumwacha mtu duarani ni kosa ambalo wachimbaji hawalisamehe, ndiyo maana aliogopa kusema. Na Sabiti alinyamaza kwa sababu aliona tairi, akajua akitaja jina la Fredy, tairi hilo litahamia kwa Fredy. Nilimzaa mimi, kaka, na sikujua kama nina mtoto wa namna hiyo.

Kamanda Koti angeishia hapo. Huyu mama alisema mota bado hajaiona. Akamwuliza Maganga ilikuwa na hali gani siku ya mwisho. Maganga akasema ilikuwa inachemka na kunuka kuungua. Basi, kilichoungua kwetu kinapelekwa kwa fundi, naye akaanza kuzunguka kwa mafundi wa mota. Alianza hapa Ushirombo, akaenda Kahama, mlango kwa mlango, anaingia, anasalimia, anauliza, anatoka. Nani atakaa kutazama tamthilia ya mtu anayesalimia mafundi?

Aliikuta Kagongwa. Ilikuwa juu ya meza ya fundi, nyaya zake zimetolewa zinasubiri kusukwa upya. Aliyeipeleka ni Davis, mbia wa Maganga. Maganga alidhani mwenzake ameondoka jioni iliyotangulia kwenda msibani Songwa. Kumbe Davis alipata gari la ndugu zake alfajiri, akaona aifungue mota aiache kwa fundi njiani. Alipiga simu, ya Maganga haikupatikana. Akasema atapiga akifika. Alipofika akakuta jeneza la mama yake mdogo, simu ikazima chaji, na mambo ya mota yakamtoka kabisa.

Hakukuwa na mwizi, kaka. Tairi lilikuwepo, petroli ilikuwepo, kiberiti nadhani kilikuwa mfukoni mwa mtu. Wizi tu ndio haukuwepo.

Koplo Bhoke alimrudisha Sabiti yeye mwenyewe, akawakusanya watu palepale mbele ya mgahawa, akawaeleza kama nilivyokueleza. Hakuna aliyeshangilia. Kisha akamgeukia mwanangu, mbele ya wote, akasema, "Nimekulaza mahabusu bila kosa. Nisamehe." Mtu wa serikali, kaka, na sare yake, anamwomba radhi mchimba mawe! Sabiti akaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa mstari wa mbele siku ya tairi akavua kofia yake, akasema "wabeja", asante ya kwao, kwa sauti ndogo, akaondoka. Mama yule alikula wali maharage, akataka kulipa, tukagombana naye, akalipa.

Wachimbaji walitaka kumfukuza Fredy machimboni. Maneno yalikuwa mengi, na mimi, sikufichi, nilikuwa upande wao. Juzi Sabiti alirudi kazini kwa mara ya kwanza. Nikamfuata, naye hakuniambia nirudi. Fredy alikuwa amesimama mbali, anaogopa kusogea. Mwanangu akajifunga kamba kiunoni, akamwita kwa jina, akamkabidhi mpini wa winchi. "Nishushe," akamwambia. Fredy akaushika kwa mikono miwili, akaanza kuuzungusha. Nilisimama pale mpaka mwanangu alipopandishwa juu.

Basi huko kwenu, yeyote atakayekuambia mpwa wako ni mwizi, msomee barua hii yote, usimrukishe hata mstari. Nisalimie Wifi Zuhra, mwanao Ignas na mkewe, na shangazi kama bado anakuja kwenu siku za Ijumaa. Sabiti anakupa shikamoo kubwa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, kaka yangu, na atukinge sote, sisi na watoto wetu, na umati wenye uhakika.

Mdogo wako akupendaye,

Zuwena (Mama Sabiti)