Mama Amefunga, Mwana Anapungua

Jeppestown, Joburg, 3 Aprili

Mwanangu mpendwa Glody,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari za huko milimani? Baridi haikutesi? Sisi hapa wazima, sukari yangu imetulia, ni miguu tu inayolalamika nikishatoka kwenye masufuria. Usinipigie simu. Ukipiga nalia na maneno yote yananitoka. Andika, nisome kwa utulivu, nirudie tena.

Jumapili kanisani hapakukalika. Papa Ezéchiel, yule mlinzi wa duka kule Kensington anayefuatilia mbio za baiskeli kwenye simu hata akiwa zamu, alisimama akatangaza kwamba magazeti ya Ulaya yamekutaja kati ya wanaoweza kushinda mbio za wiki tatu. Wiki tatu juu ya baiskeli! Mchungaji akaniita mbele, wamama wakanipepea kwa vitenge, nikacheza mpaka kiatu kikachomoka. Mtoto niliyemvusha mpaka wa Kongo mgongoni, leo anatajwa na Wazungu.

Sasa nataka majina. Ni nani hao wengine wanaotajwa pamoja nawe? Nieleze na tabia zao, niwaombee. Sitaomba waanguke, mimi si mchawi. Nitaomba wachoke kidogo tu.

Halafu kuna jambo. Papa Ezéchiel alituonyesha picha yako mpya. Marcelline, ninayepika naye, aliitazama, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama unameza dawa za ule ugonjwa. Mashavu yako yamekwenda wapi, mwanangu?

Mama yako

* * *

Kambini, 8 Aprili

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Miguu yako uiweke juu ya kiti jioni, usijifanye msichana. Mwambie mama Marcelline simezi dawa yoyote, aendelee kutwanga majani yake ya sombe.

Umetaka majina. Anayetajwa zaidi ni Reto, Mswisi. Siku ile ambayo kila mtu anakimbia peke yake dhidi ya saa, hakuna anayemgusa. Anaweza kutuacha dakika nzima kabla hatujauona mlima. Lakini joto linamshinda, na wiki ya tatu tutakuwa kusini. Yeison wa Kolombia ndiye ninayemwogopa. Akisimama juu ya pedali utadhani barabara ni tambarare. Kasoro yake ni kukosa subira, tena timu yake dhaifu. Tairi likipasuka mlimani atasubiri msaada peke yake kama mtu aliyeachwa na teksi. Halafu yupo Unai, tuko timu moja. Tunakula meza moja na tunacheka, lakini anajua kwamba nikiteleza, uongozi wa timu ni wake.

Na mimi? Napanda vizuri, sikati tamaa. Ila mlima haumsamehe mzito, Mama. Kila asubuhi tunapimwa, na mkurugenzi anataka nipungue tena kabla ya kuanza. Wembamba huu si ugonjwa, ni kazi. Wote wanaotajwa wako hivi. Miaka yote nimewabebea wenzangu chupa za maji. Mwaka huu ndio wa kwanza wao kunibebea mimi, na nikishindwa hautarudi.

Mwanao, Glody

* * *

Jeppestown, 16 Aprili

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Umeamkaje huko? Kifua chako hakijambo? Hapa baridi imeanza kutuuma masikio, lakini tunaishi.

Nimewaona hao wapinzani wako kwenye simu ya Papa Ezéchiel. Mswisi ana uso wa mtu asiyemwamini hata muuza nyanya. Yeison nimemhurumia, macho yameingia ndani, nikajiuliza mama yake yuko wapi. Unai ndiye peke yake mwenye mwili kidogo, na ndiye peke yake niliyemwona akicheka. Mwenye simu anasema sijui baiskeli. Sawa. Mimi nikiambiwa nichague mshindi, namchagua aliyeshiba.

Kanisa limeamua kufunga kwa ajili yako mpaka mbio zianze. Mchana hatuli, jioni tunafungua kwa uji. Najua nesi wa kliniki angenigombeza, lakini sindano yangu ya sukari nachoma kama kawaida, sijaacha hata mara moja, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Watu wafunge kwa ajili ya mwanangu, mimi mama mzazi nikae natafuna? Ningeuficha wapi uso wangu?

Lakini ninapowapikia wateja fufu ya muhogo huku tumbo likiunguruma, nawaza. Njaa niliyoijua mimi ilitufuata yenyewe msituni, tulipokimbia vita kule Fizi, na nilipopata kipande cha muhogo nilikutafunia wewe. Hii yenu mnaialika, mnaipima kila asubuhi, mnaisifu. Siielewi, Glody. Niambie jana ulikula nini.

Mama yako

* * *

Kambini, 24 Aprili

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, maana yako imenitia hofu. Sindano hiyo inashusha sukari. Ukiichoma bila kula, sukari itashuka mpaka uanguke. Mungu atakusikia hata ukiwa umekula. Acha kufunga leo hii, nakuomba, na mwulize nesi.

Umeuliza jana nilikula nini. Samaki wa ukubwa wa kiganja na majani. Asubuhi nilipita jikoni nikasikia harufu ya mkate, nikachukua kipande, nikakitafuna, nikakitema kwenye leso. Juzi nilianguka kwenye ngazi za hoteli. Sikujikwaa, giza tu lilinijia machoni. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kukudanganya.

Reto amevunjika mfupa wa bega mazoezini, hataanza. Yeison anakohoa. Sasa wachambuzi wote wananiweka mimi wa kwanza. Hakuna Mkongo aliyewahi kuanza mbio hizi akiwa kiongozi wa timu. Bado kidogo, Mama. Nikimaliza nitakula, nitakuletea mashavu.

Mwanao, Glody

* * *

Jeppestown, 30 Aprili

Glody,

Salamu nitazifupisha, mkono ni mzito. Natumaini umeamka salama.

Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikakaa chini. Ngazi, unaniambia. Giza machoni, unaniambia, halafu unaniambia habari za bega la Mswisi!

Nilikwenda kwa mchungaji nikamwomba kanisa liache kufunga. Alikubali, ni mtu wa kuelewa, wamama wote wamefungua. Mimi sijafungua. Hata uji wa jioni nimeuacha, nakunywa maji. Tena uelewe vizuri, sifungi tena ili ushinde. Nafunga ili ule. Siku utakayokula sahani iliyojaa, ya chakula cha watu, na ukaniletea picha yake, siku hiyo nami nitakula.

Usinitumie nesi wala Papa Ezéchiel. Marcelline amenisihi mpaka amenikasirikia, anasema nina kichwa kigumu kama kokwa. Sindano nachoma. Mwanangu, mimi nimezika watoto wawili kabla yako, na wote waliondoka wakiwa wepesi mikononi. Siwezi kukutazama kwenye simu ya mtu ukiwa vile, watu wakinipongeza.

Kula.

Mama yako

* * *

Hotelini, 3 Mei

Mama,

Hujambo? Sijui hata niulize vipi.

Eish, Mama, usinifanyie hivi! Zimebaki siku chache. Nikila sasa mizani itasema asubuhi, mkurugenzi atampa Unai uongozi, nami nitarudi kubeba chupa za maji. Yeison simwogopi, milima siiogopi. Nakuogopa wewe. Hii si sala, ni kunishika koo.

Fungua leo, nami naapa nitakula siku mbio zitakapokwisha. Wiki tatu tu. Nimevumilia makubwa kuliko hayo, nawe pia. Kama huwezi kuacha kufunga, basi acha sindano, au kunywa hata chai yenye sukari. Nijibu haraka, nakusihi. Sitalala mpaka unijibu.

Mwanao, Glody

* * *

Hotelini, 6 Mei

Mama mpendwa,

Kwa nini hujibu? Nimevunja amri yako nikapiga simu, haipatikani. Ya mama Marcelline inaita tu, haipokelewi. Ujumbe wangu wa tarehe tatu bado una alama moja tu kwenye simu, haujakufikia.

Tazama picha hapa chini. Huo ni wali, hayo ni maharage, hayo mayai, na ule ni mkate ambao sikuutema. Nilishuka jikoni jana mchana nikamwomba mpishi, akanitazama kana kwamba nimemwomba gari lake. Nilikula mbele ya mkurugenzi na timu nzima, nikaomba tena, nikala. Nililia huku natafuna, Mama, sikuona aibu. Baadaye nilimwambia daktari wa timu habari za ngazi. Akanipima moyo, akatoka nje kuzungumza na mkurugenzi. Uongozi amepewa Unai, na mimi nimeondolewa, sitaanza kabisa.

Hasira ninayo, sitakuficha. Lakini nimekula. Ulisema nikila utakula. Sasa ni wewe, timiza neno lako.

Mwanao, Glody

* * *

Uwanja wa ndege, 9 Mei

Mama yangu,

Mama Marcelline amenipata. Amesema alikukuta sakafuni kando ya jiko, sindano umeshachoma, na sufuria la wateja likiungua. Amesema uko hospitali, umelala, huamki, lakini daktari amewaambia waendelee kuzungumza nawe kwa sababu huenda unasikia. Basi barua hii atakusomea yeye, kwa sauti, na asiruke neno.

Mbio zimeanza leo. Zinaonyeshwa hapa kwenye televisheni na watu wanapita na mizigo yao bila kutazama. Yeison ameanza taratibu, bado anakohoa. Unai yuko katikati ya kundi, amekaa vizuri, wenzangu wanamlinda na upepo. Wachambuzi wanasema mwaka huu hakuna anayejua nani atashinda. Nilitazama kidogo nikaipa mgongo, nikaona ninazungumza nawe kichwani, nakueleza nani ni nani.

Sikukasirikii tena. Nilikasirika siku tatu, kisha simu ya Marcelline ikaja.

Ndege yangu inaondoka sasa hivi, kesho asubuhi nitakuwa Joburg. Nimekula hapa pia. Nimekula kila walichonipa, na bado nina njaa, njaa kweli, ya miaka mingi, na hakuna chakula chochote hapa kinachoifikia. Nataka fufu yako na sombe na samaki wa kukaanga, sahani ijae mpaka imwagike, nawe ukae mbele yangu unitazame nikila.

Marcelline, msomee hapa mara mbili.

Mama, nakuja na njaa. Amka unipikie.

Mwanao, Glody