Mimba Niliyoificha Ndani ya Dera

Bi Mapenzi, shikamoo. Mambo yamenifika shingoni na mtu wa kumwambia sina ila mume wangu Najib, na Najib mwenyewe ameanza kunichoka. Naitwa Jalila, nina miaka thelathini na sita, twakaa Magongo, sisi juu na mkwe wangu chini, na nina mimba ya miezi saba ambayo hakuna anayeijua isipokuwa sisi wawili.

Usicheke. Mara mbili nilishika mimba nikafurahi nikatangaza mapema, majirani wakajua, mawifi wakajua, mpaka harusini nikapongezwa, na mara zote mbili ikaharibika, basi hii ya tatu nikaapa, wallahi, haitatoka mdomoni mwangu mpaka mtoto alie mwenyewe. Nikanunua madera mapana ya kumtosha mtu na dada yake, na mtu akiniuliza mbona Jalila umenawiri namwambia ni mahamri, na kweli mahamri nayala, kwa hivyo uongo si mwingi.

Balaa likaanzia hapo. Mkwe wangu, Bi Mwanakombo, ni mama mzuri tu ila ulimi hauna breki, aliponiona nanenepa akanihurumia, akanipandishia chupa ya dawa ya kukata tumbo, majani gani sijui, kachemsha mwenyewe. "Kunywa kutwa mara tatu mwanangu, tumbo hilo litaisha." Nami nasema, "Ahsante mama," akiteremka naimwaga chooni, akirudi anauliza, "Waona nafuu?" namwambia naiona, naye ananitazama tumbo, anatikisa kichwa, na wiki inayofuata chupa ni kubwa zaidi.

Hilo ningelivumilia, lakini Ijumaa nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia Najib pale ngazini, "Miaka kumi na moja mwanangu, mkeo azaa mafuta tu. Tafuta wa pili nimwone mjukuu kabla sijafa." Najib alipopanda akaniambia, "Jalila, mimi nashinda bandarini Kipevu nabishana na madereva wa makontena, nikirudi nataka kupumzika, si kumdanganya mamangu. Nimwambie, au nioe?" Alikuwa akifanya mzaha lakini mimi nililia.

Kliniki nilikwenda mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi mitatu, nikaacha kwa sababu baadaye alihamishiwa pale muuguzi Maryanne, jirani yetu, nikahofia ataropoka. Wiki hii miguu imevimba hata viatu haviingii na kichwa chanigonga, lakini nafikiri ni joto. Mtoto mwenyewe ana vituko, ndege ikipita juu kwenda kutua anapiga mateke mawili matatu, nami nimeshampangia, awe wa kike au wa kiume, asome, azirushe hizo ndege, asiwe mwoga kama mamake. Nikiwaza hayo nafurahi, halafu naogopa kwa kuwa nimefurahi. Niseme, au ninyamaze miezi hii miwili iliyobaki?

Jalila, Magongo

JIBU

Marahaba, mwanangu Jalila. Kwenye chupa nimecheka, nisamehe, lakini nilipofika kwenye miguu kicheko kilikatika. Barua kama hii haingojei gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu papo hapo. Niliyokwambia nayachapa kwa idhini yako, kwani najua hamko wachache ndani ya hayo madera.

Kwanza, pole. Umepoteza mimba mbili na nadhani hata kulia hukulia vizuri, ulikuwa na haraka ya kujilaumu. Mimba changa nyingi huharibika kwa sababu ambazo mama hana mkono ndani yake. Kijicho unachokiogopa kipo, sikubishii, na dua zako zisome asubuhi na jioni. Lakini dua haipimi presha, Jalila! Miguu kuvimba na kichwa kugonga mimba ikiwa ya miezi saba, usiseme ni joto. Yaweza kuwa presha ya mimba, na hiyo huua mama na mtoto. Sikwambii Jumatatu, sikwambii umalize kufua. Vaa ndara za Najib uende leo. Huyo Maryanne kutunza siri za watu ndiyo kazi yake, yako haitamshinda.

Dawa ya chupa umefanya vyema kuimwaga. Lakini mkwe wako hajui kama ana mjukuu, basi unamlaumu kwa lipi? Mwambie kabla ya jirani yeyote kujua, ana kwa ana, Najib akiwa ubavuni mwako. Na Najib asikie: mzaha wa mke wa pili akawafanyie madereva wake. Mwenye mimba hataniwi hivyo.

Mwanangu, umeificha furaha ukidhani msiba hautakuona. Furaha haileti msiba. Ifurahie.

Wasomaji, najua mtaniuliza kilichofuata. Ujumbe wa Jalila ni huu:

"Bi Mapenzi, nimemwambia. Nilishindwa kuanza, nikauchukua mkono wake nikauweka tumboni, na mtoto akasogea. Mama akaketi pale pale sakafuni. Nikajua sasa nitatukanwa. Akasema, 'Mimi Najib nilimficha miezi minane. Watatu walinitoka kabla yake.' Sisi hatukujua, hata Najib mwenyewe. Tukalia wote, kisha akavaa buibui akaniambia, 'Inuka, twende,' tukaenda. Presha ilikuwa imepanda kweli, nikalazwa siku tatu, sasa nina dawa na kila wiki napimwa. Maryanne alipotusikilizisha moyo wa mtoto, mama akamwambia, 'Hebu rudia, mwanangu, sikusikia vizuri.' Amerudia mara nne. Masikio ya mama hayana tatizo lolote."