Lile Neno Ulilolicheka Jikoni kwa Masista

Mama yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa hogo, nimekaa mlangoni kwako Mgeta.

Baba Zawadi ndiye aliyeuvunja. Kule Kihonda, kisa ugali umepoa, aling'oa mguu wa stuli akanipiga nao mpaka nikausikia mfupa ukikatika. Nilipoanguka akanikanyaga tumbo, Zawadi ameng'ang'ania suruali yake anapiga mayowe. Majirani wakagonga. Akawafokea, "Hii familia yangu! Nimeitolea mahari, naifanya nitakavyo!"

Nikiwa pale chini, damu mdomoni, nikakumbuka jikoni kwa masista.

Unakumbuka, mama? Wewe unamenya viazi, mimi mdogo juu ya gunia la njegere, na yule Sista mzee wa Kiitaliano anatuchezea neno moja. Kwao famiglia. Wafaransa famille. Wajerumani Familie. Warusi nao wanalo, ila kwao ni jina la ukoo. Ukamuuliza, "Na bibi wa maneno hayo yote, yeye alikuwa na maana gani?"

Sista akasema bibi yao ni Kilatini cha Warumi wa zamani. Mtumwa wa nyumbani waliita famulus, na watumwa wote wa bwana mmoja ndiyo ilikuwa familia. Baadaye mke na watoto wakaingizwa humohumo, chini ya baba.

"Na huyo baba aliweza kuwauza?"

"Watoto, ndiyo. Hata kuwaua, sheria ilimruhusu."

Ukatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakamrukia. "Loo, Sista! Mmetuletea neno lina damu, mmelipaka sabuni tu!"

Alicheka mpaka miwani ikadondoka. "Limeoshwa sana, mama. Sasa kwetu ni watu wanaokula pamoja."

"Sisi tuna lukolo," ukamwambia. "Ukoo wa mama. Mtoto wangu ni wetu, shamba letu, mwanaume anatukuta hapa. Akinipiga, anatoka."

Na kweli alitoka. Siku baba alipokupasua kichwa kwa mpini wa jembe, wajomba walimburuta mpaka njiani, akaenda zake na redio kifuani. Nililia sana. Kanga yako imelowa damu, ukaniambia, "Nyamaza. Hujapungukiwa ndugu hata mmoja."

Ndiyo maana nimerudi, mama. Na jana Baba Zawadi akaja na kaka zake wawili kumchukua Zawadi.

Mjomba alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi. Hata shikamoo hawakumpa.

"Mzee, pisha. Nachukua familia yangu."

"Ukija kumsalimia mwanao, kiti kipo," mjomba akasema. "Mtoto wa kubeba huna."

Baba Zawadi akainua panga alilokuja nalo. Pigo la kwanza likakata mlango wako, la pili likapita sikioni kwa mjomba, damu ikaruka. Hapo michi iliyokuwa ikitwanga ikanyamaza nyumba zote. Mama mkubwa akatoka na wa kwake, mama mdogo na wa kwake, na binti zao nyuma.

"Karibu, shujaa!" mama mdogo akamwita. "Mchukue! Ila unaanza na mimi!"

Mchi ulimpata begani, panga likaanguka. Kaka zake wakamkokota kushuka mlima, wanamtukana yeye.

Leo mjomba, sikio limefungwa kitambaa, amelipeleka lile panga polisi. Mimi bado nikisikia mlango nashtuka. Lakini nimelala, mama. Nimelala mpaka kumekucha.

Lile neno sina ugomvi nalo. Zawadi atalikuta shuleni, nami nitamweleza lilikotoka. Asubuhi alikuwa anapitisha kidole kwenye kovu la mlango, akaniuliza wale waliotoka na michi ni nani.

"Mama zako," nikamwambia.

"Wote?"

"Wote."

Akachukua ungo, akaenda kukaa nao.

Mkono ukipona nitapanda njegere kwenye kipande chako cha shamba kule juu. Lala, mama. Mlango wako tunaulinda.

Binti yako,
Mama Zawadi