Kwa Nini Mjomba Aliinua Mguu

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zikukute mzima, na kifua chako kiwe kimetulia sasa mvua zimepungua. Bibi bado anagombana na magoti yake? Na Asha, ameanza kusoma mwenyewe au bado anatazama picha na kubuni maneno? Mimi ni mzima wa mwili, nakula, na shule naenda siku ambazo mji unaruhusu.

Najua Baba Saidi ameshuka bandarini Kalemie peke yake. Ulimtuma aje kunichukua, na amekukabidhi karatasi badala ya mtoto. Usimlaumu. Alinisihi mara mbili, nikakataa, na wewe unajua mimi si mtu wa kukataa. Alinieleza ulivyosema: kwamba kaka yako alitaka kuniua ili aokoe gari la tajiri, na kwamba tangu sasa huna kaka Bujumbura. Mama, haikuwa hivyo. Soma kwanza mpaka mwisho. Walioujua ukweli tulikuwa watu wawili tu, mimi na Mjomba, na Mjomba hasemi.

Hali ya mji sikuwahi kukuandikia kwa sababu sikutaka nikunyime usingizi. Odeti niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikufa kwa guruneti sokoni, yeye na mama yake. Wiki nzima niliiacha nafasi yake wazi, kisha mwalimu akaniambia nisogee katikati. Kuna asubuhi tunavuka daraja la Ntahangwa bila kutazama chini, maana mto unaleta watu. Kamenge nyumba nyingi zimebaki kuta tu. Hapa Buyenzi majirani hawajageukiana, tunamshukuru Mungu, lakini ukitoka mtaani hujui ni nani atakayekuuliza jina lako na jina la baba yako.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja lile gari. Ni la mfanyabiashara mmoja wa kahawa, tunamwita Patroni. Ni gari la mbio, jipya, la buluu, lina viti viwili tu na liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazama magoti ya watu. Lilifika kwa meli kutoka Kigoma, limefunikwa turubai. La kwanza wanawe waliliua kwa wiki moja kwa kulikimbiza kabla injini haijazoea. Kwa hiyo hili akamletea Mjomba alifanyie rodaji, yaani aliendeshe taratibu zile kilomita elfu moja za mwanzo, mpaka vyuma vizoeane.

Unamjua kaka yako kwa kazi hiyo. Injini yoyote inayofunguliwa gereji kwake, ya lori au ya teksi, anaitoa mwenyewe barabarani, hampi mtu. Alikuwa anasema abiria hapaswi kujua vitesi, yaani gia, imebadilishwa saa ngapi. Alinifumbisha macho akaniuliza, "Tuko ya ngapi?" Nikipatia, ananuna, anajua mguu wake umekosea. Nikikosea, anafurahi siku nzima.

Ila macho yake ya karibu yamechoka. Barabara anaiona mpaka mwisho, mshale wa mizunguko ya injini ulio mbele ya usukani hauoni. Halafu kitabu cha gari kilikuwa cha Kifaransa. Ndiyo maana akanichukua mimi. Nilikisoma chote, hata kurasa za redio, nikamweleza: tusivuke mizunguko elfu tatu, tusikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, tusikanyage freni kwa nguvu. Kazi yangu ikawa kutazama mshale. Ukigusa elfu tatu nilisema neno moja, "Tatu," naye anainua mguu kwenye mafuta. Hatukuongea kitu kingine garini. Siku za kwanza alisikia kisha akainua. Baadaye neno langu na mguu wake vikawa kitu kimoja, hakuwa anafikiri tena, wala mimi.

Mji umezingirwa, barabara za milimani zina waviziaji, kwa hiyo kilomita elfu tulizitafuta humu humu. Kila siku baada ya shule tulikwenda bandarini, tukapita barabara ya uwanja wa ndege yenye wanajeshi, tukarudi. Watoto walitucheka, gari la mbio linapitwa na baiskeli za ndizi. Mimi nilikuwa nimefurahi, Mama. Sikukuandikia hilo pia.

Siku ile tulikuwa tumepita kilomita mia saba. Wanajeshi walikuwa wamefunga barabara ya uwanja wa ndege, wakaturudisha kwa njia ya Cibitoke. Mjomba hakupenda, lakini pale kizuizini magari yalikuwa yamejaa nyuma yetu. Njia ya Cibitoke ilikuwa tupu, mbele yetu teksi moja tu. Tulipofika penye nyumba zilizoungua, vijana wakatoka kati ya kuta, wana mapanga na bunduki mbili. Wakasukuma pipa barabarani. Teksi ikasimama. Walimvuta dereva kupitia dirisha, akiwa bado anataja jina lake, na wakamkata shingoni kabla hajalimaliza. Alikaa chini kama mtu aliyechoka. Wakamkata tena. Damu ilifika kwenye kioo cha teksi, na mmoja wao akaifuta kwa mkono ili aone kama ndani kuna mwingine.

Mjomba alirudi nyuma, akageuza gari kwa mara moja tu, vizuri kama siku zote, akaingiza ya kwanza, akaingiza ya pili, akakanyaga. Risasi zikaanza. Kioo cha nyuma kikaanguka juu ya mabega yetu. Mimi, Mama, sikutazama nyuma wala sikupiga kelele. Nilitazama mshale kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Ukagusa elfu tatu.

Nikasema, "Tatu."

Naye akainua mguu.

Ilikuwa muda wa kupumua mara moja tu. Lakini gari lilipungua mwendo, na mmoja mwenye bunduki aliyekuwa akikatiza kati ya nyumba akatufikia ubavuni. Alikuwa karibu hivi kwamba niliona shati lake halina kifungo cha juu. Akapiga kwenye mlango wa Mjomba. Mwingine akapiga panga juu ya paa. Ndipo Mjomba akakanyaga mpaka chini.

Risasi ilivunja goti la kushoto, mguu wa klachi. Hakuweza tena kubadilisha vitesi. Tulikimbia na ya pili njia nzima mpaka hospitali, injini inalia kama mnyama anayechinjwa, mshale umepita elfu sita, na mimi nimeshika goti lake kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole inaingia viatuni mwangu. Langoni alikanyaga freni, gari likaruka, likazima. Ni mara ya kwanza kumwona anazima gari.

Walimkata mguu usiku ule, juu ya goti. Alipozinduka aliniuliza, "Weye umeumia?" Nikasema apana. Akaniambia nivue viatu nimwonyeshe miguu. Aliitazama yote miwili. Hilo nililisikia mimi peke yangu. Baadaye akaingia Hamadi, fundi wake mkubwa, na kwa Hamadi alisema oili ibadilishwe haraka, injini imepandishwa kabla ya wakati. Hamadi akalibeba neno hilo mpaka gereji, likaungana na la watu walioona gari likipunguza mwendo, na gereji ikalibeba mpaka bandarini. Hivyo ndivyo lilivyokufikia wewe: kwamba kaka yako Ramazani alipunguza mwendo mbele ya bunduki asiharibu gari, na alipoamka aliulizia oili.

Aliporudi nyumbani mafundi walimtania. Patroni alikuwa ameshachukua gari lake na matundu yake. Mjomba alikuwa anakaa penye mlango wa gereji na magongo yake, na Hamadi akamwambia mbele ya wote, "Muzee, na bale wenye kukupiga, nabo balikuwa mu rodaji?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mjomba akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeleta uji, nikarudi nao ndani. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akanijibu, "Wacha bacheke. Bakichoka batanyamaza."

Kisha Baba Saidi akaleta maneno yako. Mjomba aliyasikia yote ameinamisha kichwa. Hata wewe hakutaka kukuambia. Alisema tu, "Dada yangu ana haki, muchukue mutoto."

Nilikwenda gereji. Nilisimama penye shimo la magari nikasema ni miye nilimwambia tatu, na Mjomba alinisikiliza. Wengine hawakunisikia, ikabidi niseme tena kwa sauti. Hamadi akatoka chini ya lori.

"We ulikuwa unaangalia mushale, na risasi zinapita?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Juu alinituma kuangalia mushale."

Hamadi alifuta mikono. Akaenda kukaa chini karibu na Mjomba, hakusema samahani, ila tangu siku ile anamwita fundi tena.

Usifikiri Mjomba alinishukuru. Alinikasirikia siku mbili. Alisema, "Ile ilikuwa yangu ya kubeba, nani alikutuma?" Siku ya tatu kulikuwa na injini ya teksi iliyofunguliwa. Hamadi akashika usukani, Mjomba akakaa pembeni, akaniita nipande nyuma nisome mshale. Nilisema siwezi. Akasema, "Panda. Lakini tukisikia risasi, funga kinywa." Hamadi akacheka. Mjomba naye akacheka, na mimi nikapanda.

Mama, ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi. Nikiondoka sasa mtaa wote utajua dada yake amemhukumu, na mitihani yangu ni muhula huu. Naogopa kila siku, sikufichi. Lakini naomba uniache hapa.

Nisalimie Bibi, mwambie nambusu magoti yote mawili. Nisalimie Asha, na baba mdogo anayetutengenezea paa, na jirani yetu mshonaji aliyenipa gauni la shule. Mama Zuhura, mke wa Mjomba, anakusalimu sana. Yeye ndiye anayemwosha kidonda na kuvumilia matusi yake.

Jibu la barua hii usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Kila mashua ikifika kutoka Kalemie anajikokota na magongo mpaka bandarini, anauliza bei ya samaki wa ndagala, halafu anarudi bila kununua.

Ni mimi binti yako mtiifu, isipokuwa safari hii,

Mwajuma