Niliandika "Walipigana"

Shangazi Jebet, nisaidie, kwa sababu tangu Ijumaa chakula hakipiti na sina wa kumwambia. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule juzi tu, naishi na mama yangu, Kerubo, huku ughaibuni, hapa Al Mansoura, katika nyumba ambayo wapangaji wote tunatumia jiko moja, na jirani yetu Proscovia, Mganda anayefanya kazi hotelini Lusail, alishusha sufuria yetu ya maharagwe ili achemshe chai kabla basi la kazini halijafika, mama akamzaba makofi mawili, naye hakurudisha, alijifunika uso tu, na mimi nilikuwa mlangoni nikaona yote.

Mzee Gerishon, anayetusimamia kwa niaba ya mwenye nyumba, aliita kikao, akasema, "Wewe ndiye msomi, andika yaliyotokea," nikamtazama mama, nikaandika, "Kerubo na Proscovia walipigana." Halafu, ingawa sijazoea kusema mbele ya watu, nikaeleza nilichosoma nilipoandika insha yangu ya historia, kwamba katika Japani ya zamani waliopigana waliadhibiwa wote wawili bila kuulizwa nani alianza. Rodney wa chumba cha nne akacheka, "Heh! Leo tuna hakimu wa Japani!" Lakini Mzee akasema, "Hiyo ni haki kabisa. Wahame wote wawili."

Sisi tuna mjomba wa kutupokea, tunahamia kwake wiki ijayo. Proscovia hana mtu. Aliniuliza, "Mtoto, si ulikuwepo?" nikainamisha kichwa, na Jumamosi akabeba sanduku lake akaenda nisikojua, na mama ananiita mtoto mzuri, na kila akiniita hivyo najichukia zaidi. Nadhani hakuna la kufanya tena.

Chelsea

Chelsea mwanangu, pole. Sasa nisikilize. Usiisingizie Japani. Kanuni ile ilikuwa ya watu wawili walioshikiana panga, na hata huko mijini, wapangaji walipogombana, wakubwa wa mtaa walikaa kwanza na kila upande kutafuta sulhu. Wewe ulipewa kalamu, na mtu aliyepigwa ukamwandika kuwa alipigana. Mtoto wa darasa la pili anajua tofauti yake. Ulimwogopa mama, na hilo nalielewa, kutoa ushahidi dhidi ya mzazi ni uchungu. Lakini hiyo si ruhusa ya uongo.

Chumba chake huenda kimeshapata mtu, sitakudanganya. Ila katika nyumba ile bado anaitwa mgomvi, na hilo ni lako kuliondoa. Mwambie mama kwanza, usimvizie. Atafoka, mwache afoke. Kisha andika upya, tia sahihi yako, mpe Mzee Gerishon mkononi, umwombe aisome mbele ya watu walewale, Rodney akiwemo.

Namba ya Proscovia wenzake wa kazini wanayo. Mpigie leo. Usianze kwa kulia, wala kuomba msamaha ili wewe upate kula. Muulize analala wapi.