Mtungi Wako Umepata Macho

Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi mjukuu wako Adhiambo ameniwashia taa kuniomba uji. Nacheka huku machozi yananitoka, ndiyo maana nimeanza na hilo kabla ya salamu. Magoti yako yamepoa? Sisi hapa Boito ni wazima, ila mvua haituachi tuanike hata leso.

Najua ndugu yangu Onyango anakuja mwisho wa mwezi kumchukua mtoto aje akae kwako, kwa vile hasikii, na wewe unaogopa trekta la majani ya chai litamkanyaga huku kwenye laini, nyumba zetu za wafanyakazi. Lakini ngoja kwanza nikuambie.

Nimefinyanga mama wa udongo, mwenye kikapu mgongoni. Wa kwanza alipasuka motoni. Udongo wa huku haukauki, ni ukungu tu. Nikakumbuka wewe huchanganya na vigae. Usinikasirikie, ule mtungi wako uliopata ufa niliuponda nikauchanganya humo. Baba Adhiambo, kwa kuwa ni fundi wa stima kiwandani, akaenda kumkausha karibu na mashine ya kukausha majani. Wenzake wakamcheka, "Fundi, umeoa bibi wa pili?" Akawajibu, "Huyu angalau hanigombezi!"

Nilipomchoma akatoka mzima. Tukamtia globu za tochi machoni, betri, yale mawe ya redio, tumboni. Pembeni kuna mikebe miwili ya kuzungusha kwa mkono, nami ndiye niliyepanga misumari yake. Msumari ukigusa waya, macho yanawaka. Mkebe wa kwanza yanawaka mara moja, maana yake uji. Mkebe wa pili mara mbili, maana yake mama njoo. Kila mtoto akipewa uji tunazungusha, kila nikimwendea tunazungusha. Adhiambo alikuwa anatazama tu.

Baba yake akasema, "Akikuita mwenyewe kabla Onyango hajafika, abaki. Asipokuita, aende kwa dani, nyanya yake." Nikakubali.

Leo ndio ameomba uji. Kuniita bado.

Nisalimie Onyango anayekusomea hii, na shangazi wa ng'ambo ya mto, mwambie kitambaa chake ndicho kimefunga kichwa cha yule mama wa udongo. Ni mimi binti yako Rosa, na ombi langu ni moja tu, Onyango asipande basi mpaka kwanza

Mama, macho yamewaka. Yamewaka tena! Ananiita, ananiita mimi, wacha niende ni