Sentensi Niliyoiruka

Tata, baba yangu mpendwa,

Nilianza kukusomea nikiwa darasa la tano. Barua za chama cha ushirika cha kahawa, notisi za chifu, maandishi kwenye chupa ya dawa ya mibuni, vyote ulinipa nikutafsirie kwa Kikamba, nawe ukasikiliza umefumba macho. Uliacha shule darasa la tatu, lakini kichwa chako kilishika kila kitu. Nikimaliza ulirudia maneno yangu yote, na nikiwa nimekosea ulijua kabla yangu. Wageni wakija nyumbani uliwaambia, "Huyu Kiingereza chake ni cha redio." Nilikuwa naona haya, lakini nilipenda kusikia.

Wakati huo ulifanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto upande wa Kinanie. Ulilala huko juma zima, Jumamosi ukarudi Kangundo na vumbi jeupe masikioni. Siku ya ajali jiwe lilikwama kwenye mkanda wa mashine, na msimamizi akakuambia ulitoe bila kuizima, kwa sababu kuiwasha tena kulichukua muda. Mkanda ukaanza kwenda mkono wako ukiwa ndani. Ulitusimulia mara moja tu. Ulisema kwanza ulisikia shati linavutwa, ukadhani ni mwenzako anakuita.

Hospitalini walikukata mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko. Nilipokuja kukuona mara ya kwanza ulikuwa umeufunika kwa blanketi, ukaniuliza habari za mitihani. Nilikuwa kidato cha nne. Mama alikuwa nyumbani na wadogo zangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakaa nawe wodini. Daktari alikuwa ameshakuruhusu, ila hospitali haingekuachilia kabla bili haijalipwa, na kampuni ilikuwa bado haijaleta chochote. Ulilala pale siku kumi zaidi, mtu mzima aliyepona, ukitazama kitanda cha jirani kikibadilishwa mgonjwa.

Ndipo akaja yule mtu wa kampuni na faili. Alikuwa mpole. Alikuamkia kwa heshima, akasema kampuni imesikitika sana, italipa bili yote na kukupa fidia juu yake, ukiweka alama tu kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akataka kukueleza, ukamkatiza: "Niko na msichana wangu. Atanisomea yeye."

Nilisoma kurasa mbili kando ya kitanda chako. Jina lako, namba yako ya kitambulisho, siku ya ajali, fidia utakayopewa. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja ndefu. Ilisema kwamba ukipokea fidia hiyo umemaliza madai yako yote, ya leo na ya baadaye, wala hutaishtaki kampuni mahali popote. Niliielewa, Tata. Nilijua pia kwamba nikikusomea utaisukuma ile karatasi kando, kwa maana hukuwa mtu wa kufungiwa mlango. Nikairuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa tarehe.

Ukaniuliza, "Umesoma yote?"

Nikakujibu, "Nimesoma yote."

Ulirudia nilichokusomea, neno kwa neno, kisha ukatoa kidole gumba cha mkono wa kushoto, yule mtu akakipaka wino. Kesho yake tulirudi nyumbani.

Mwaka uliofuata kidonda kilifunguka, ukapasuliwa tena, ukawa huwezi hata kushika jembe kwa mkono uliobaki bila bega zima kuwaka. Mwenzako wa kazini akakuambia kwamba sheria ingekupa zaidi, akakupeleka kwa wakili mjini Machakos. Wakili akafungua kesi. Kampuni ilijibu kwa kuleta ile karatasi. Tangu hapo mahakama haikuuliza tena mkono wako ulikatwaje wala msimamizi alisema nini. Swali lilikuwa moja tu: kama ulijua ulichotia kidole.

Kesi iliahirishwa mara nyingi mpaka nikamaliza chuo na kuanza kufundisha Matuu. Siku ya kutoa ushahidi ulisimama kizimbani, kigutu umekifunika kwa kofia, ukaapa kwamba hakuna mahali palipoandikwa maneno hayo. "Msichana wangu alinisomea yote," ulisema. "Walibadilisha ukurasa. Huyu Kiingereza anakijua kuliko mawakili wengine hapa." Watu wakacheka kidogo. Hukucheka.

Wakili wako akasema basi mimi niwe shahidi. Nilipofika ofisini kwake alinipa njia rahisi. Alisema Kiingereza cha sheria ni kigumu hata kwa watu wazima, na hakuna atakayenilaumu nikisema sikukielewa. Halafu akauliza, "Yule mtu wa kampuni hakukuambia lolote kabla hujasoma?" Nikamwambia hapana.

Nilikusudia kusema sikuelewa. Naapa nilikusudia. Lakini wakili wa kampuni alinipa karatasi ileile, akaniomba niisome kwa sauti, nami nikaisoma bila kukwama popote, kama mwalimu. Akauliza kama siku ile niliiona sentensi hiyo. Nikasema niliiona. Niliielewa? Niliielewa. Nilimsomea baba yangu?

"Hapana," nilisema. "Niliiruka."

Hakimu akaacha kuandika, akaniuliza kwa nini. Nilisema nilitaka utoke hospitali. Nilikutazama wakati huo. Ulikuwa umefumba macho kama ulivyozoea nikikusomea, na midomo yako ilikuwa inatembea polepole, inarudia.

Uamuzi ulichukua dakika chache. Hakimu alisema kampuni haikukuficha kitu. Msomaji ulimchagua mwenyewe, naye alielewa, na kosa la msomaji wako haliwezi kuwa kosa la kampuni. Karatasi ikabaki na nguvu yake. Tulipotoka nje ulisema, "Twende." Ulinilipia nauli. Njia nzima nilingoja unigombeze, nikajua nitafarijika ukinigombeza, lakini wewe ukaongea na dereva habari za mvua.

Hukuwahi kuniuliza. Ila barua ilipokuja tena kutoka kwa chama cha ushirika, nami nipo hapo nyumbani kwa likizo, uliitia mfukoni ukaenda nayo kwa katekista. Ulitembea hadi kanisani, ng'ambo ya mto, ukasomewa na mtu mwingine. Mama alinitazama. Nilijifanya naosha vyombo. Miaka miwili uliyoishi baada ya hapo hukunipa hata risiti nikusomee, na mimi sikuwa na uso wa kuomba.

Nimonia ilikuchukua kwa siku nne. Baada ya mazishi nilikwenda Machakos kuchukua faili lako. Wakili alinikalisha, akaniambia jambo ambalo sikulijua: baada ya uamuzi alitaka kukata rufaa, nawe ukakataa. Alikubembeleza mara tatu. Ulimwambia, "Acha. Sitaki msichana wangu asimamishwe pale tena." Sijui kama huko ndiko kunisamehe, au hukutaka kusikia sauti yangu ikisema yale maneno mara ya pili. Nimeligeuza neno lako kila upande na bado sijui.

Kisha wakili akafunga faili, akasema kilichotukosesha kesi ni kitu kimoja. Tungekuwa na ushahidi kwamba yule mtu wa kampuni alimshawishi msomaji, hakimu asingeweza kusema kampuni haina kosa. Akasema muda wa rufaa umepita, hakuna la kufanya tena.

Tata, alinishawishi. Kabla hajaingia wodini alinikuta kwenye korido, akaniuliza niko shule gani. Nilikuwa na barua ya kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nawe hukujua, kwa sababu barua za shule pia mimi ndiye niliyekuwa nakusomea. Akasema kampuni inaweza kunilipia mpaka nifanye mtihani, mzee akitia kidole leo bila maswali mengi. Jumatatu nilikuwa darasani. Nilikuambia ni msaada wa karo kutoka ofisi ya wadi, ukamshukuru Mungu mezani.

Hakimu aliponiuliza kwa nini, jibu hilo lilikuwa mdomoni. Ningelitoa, ungeshinda. Lakini wewe ulikuwa umekaa pale, ukiwa umeshasikia kosa langu moja, na nilishindwa kukupa la pili. Nilichagua ushindwe kesi kuliko unijue.

Nilimwambia Mama wiki iliyopita. Aliinuka akaenda kukama. Barua hii nimeiacha wazi, yeyote aisome, kwa sababu watu wa Kangundo bado wanakusema kwamba ulijiuza kwa fidia ndogo kisha ukajuta. Hukujiuza. Kama kuna aliyeuza, ni mimi.

Pumzika, Tata. Sasa umesomewa yote.

Mimi, binti yako wa kwanza